Mate ya Susu

Wiki iliyopita basi letu la kutoka Mombasa lilisimama Mtito Andei ili abiria wanywe chai, nami nikaingia kwenye hoteli moja ya kando ya barabara ambayo meza zake zinanata. Niliagiza chai na chapati, nikafuta meza kwa karatasi yangu mwenyewe, nikafuta na kijiko. Ndivyo nilivyo. Nina kinyaa tangu nizaliwe, na ukitaka kunijua vizuri anzia hapo. Juu ya friji ya soda kulikuwa na televisheni inayoonyesha kriketi, mchezo ambao madereva wa malori waliokuwa wakila pale hawakuuomba, ila rimoti ilikuwa imepotea na hakuna aliyetaka kupanda juu ya kiti.

Mchezaji mmoja akalamba kidole, akakisugua kwenye mpira. Mwamuzi akamwita kando, akamsema, na mpira ukafutwa kwa kitambaa.

"Aki, kwani amefanya nini?" mhudumu akauliza.

"Mate imepigwa marufuku kwa hiyo game," dereva mmoja akamjibu. "Tangu ile korona."

"Na si ni uchafu kweli," mhudumu akasema, huku ametubebea vikombe vinne kwa kutumbukiza vidole ndani.

Nikaisogeza chapati kando. Ningetaka kumwambia yule dereva kwamba mate ya kriketi nayajua tangu kabla hajaota ndevu. Mjomba wangu alikuwa mrushaji wa kasi wa timu ya taifa, enzi zile nchi yetu ilipokuwa ikiheshimiwa katika mchezo huo, na mate yalimtesa kuliko mpigaji yeyote aliyewahi kusimama mbele yake. Siku moja aliyakataa mate ya mama yake, kisha akaishi zaidi ya miaka ishirini akiyatamani na kuogopa kuyaomba. Kaa karibu nikusimulie, ila usije ukaniuliza kwa nini nimekunja uso. Uso wangu hukunjika kila nikikumbuka.

Nilikulia upande wa Kasikeu, Makueni, kwa mama yake mama yangu. Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu, na hata leo nikisema nyanya naona kama namtaja mtu mwingine. Mama yangu alikuwa mwalimu huko Mwingi, mwisho mwingine kabisa wa Ukambani, akaona heri nilelewe na susu kuliko nilelewe na vumbi la chaki. Alikuja wakati wa likizo na mikate iliyobondeka njiani, akanikagua meno na kucha, kisha akarudi kwa watoto wa watu.

Usidhani nakuletea habari za utoto mtamu. Utoto wangu ulinuka. Asubuhi kulikuwa na uji wa mtama uliochacha, wenye utando juu, na susu alisimama mlangoni mpaka niumalize ili nipate mifupa. Maziwa yalikaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, yakaganda mabonge mabonge, na kila bonge lilipopita kooni nilitubu dhambi zangu. Usiku mbuzi wachanga walilala nasi nyumba moja kwa sababu ya fisi, na mbuzi hajui choo. Muthokoi peke yake sikuulalamikia. Susu alikoboa mahindi kwenye kinu, akayapika na kunde kwa moto mdogo tangu mchana, na harufu yake ilipotoka jikoni jioni hata mimi nilisahau maringo yangu.

Lakini kazi iliyonitoa machozi ilikuwa ya uwanja wa kupuria ndengu. Kabla ya mavuno, uwanja ulifagiliwa mpaka udongo ukabaki mtupu, kisha ukasiribwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu na maji. Mavi mabichi, nakwambia, ya asubuhi hiyo hiyo, bado yana joto. Habari ya glavu hatukuijua. Unaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, unakanda, na susu amekusimamia anasema, "Kanda vizuri, hiyo ndiyo sahani ya ndengu." Ukishakauka, uwanja ule ulikuwa mgumu na laini, mchanga hauchanganyiki na ndengu, na ukiukanyaga bila viatu unahisi ubaridi hata jua likiwa la saa saba. Harufu ilibaki kwenye kucha zangu wiki nzima. Nilikula kwa kijiko, na watoto wenzangu wakanicheka kwamba nimekuwa mzungu.

Nimesoma baadaye kwamba wachezaji wa kriketi wanahitaji ukanda wa ardhi ulioshindiliwa sawasawa, na klabu kubwa zina mashine nzito za kuushindilia. Sisi tulikuwa na ng'ombe.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa susu, kijana mrefu aliyeinama kila mlango. Alienda Nairobi kutafuta kazi kama wenzake, akaajiriwa kukata nyasi kwenye klabu moja ya Wahindi. Jioni wanachama walipotoka kwenye maduka na maofisi yao walitaka mtu wa kuwarushia mpira wafanye mazoezi ya kupiga, na mkata nyasi alikuwa pale pale amesimama. Wakamwonyesha: unakimbia, mkono unapita juu ya kichwa ukiwa umenyooka, kiwiko hakikunjwi, mpira unagonga chini kisha unamrukia mwenye gongo. Mjomba akakimbia, akarusha, na mzee wa watu aliyekuwa na gongo akaruka kando akishika mbavu zake. Akaitwa tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka nyasi zikarefuka na ikabidi atafutwe mtu mwingine wa kuzikata.

Susu alipopata habari hakushangaa hata kidogo. "Huo mkono ni wa ndengu," alisema. Na kweli, anayepura ndengu hukamata fimbo ndefu, akaipitisha juu ya kichwa mkono umenyooka, akaishusha kwa nguvu zote. Ukikunja kiwiko, fimbo inapiga kando na ndengu hazitoki kwenye maganda. Mjomba alikuwa amepura tangu ajue kusimama. Wale wa Nairobi walidhani wamemfundisha.

Basi akachaguliwa timu ya taifa, akapanda ndege akaenda nchi ambazo sisi tulizijua kwenye ramani ya darasani tu. Picha zake zilitoka magazetini, na susu akazibandika ukutani kwa ugali kwa sababu gundi hatukuwa nayo. Mende wakaupenda ule ugali, wakamla mjomba kuanzia miguuni. Mwisho wa msimu wa mvua alikuwa amebaki kichwa na ule mkono wake wa kulia angani.

Alipokuja nyumbani likizo alifanya mazoezi kwenye uwanja wa ndengu, na ndiyo maana mimi nilikanda mavi hata nje ya majira ya mavuno. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Alianza kukimbia kutoka kwenye zizi la punda, miguu ikitoa sauti ya mchi kinuni, kuku wakitawanyika, kisha mkono unapita na mpira hauonekani tena mpaka unausikia ukigonga debe alilosimamisha upande wa pili. Kabla ya kila mrusho alilamba vidole na kuusugua mpira upande mmoja. Alinieleza sababu: upande mmoja ung'ae, mwingine ubaki na makwaruzo, ndipo mpira uyumbe hewani umdanganye mpigaji. Mpira huo ukija upande wangu niliuokota kwa jani la mnyonyo.

Sasa nije kwenye mate yenyewe. Kwetu mzazi akitaka kumbariki mwana anayesafiri, humtemea mate. Usifikirie yale mate ya mtu anayekohoa barabarani. Mzazi huosha kinywa, hukaa kimya kidogo akikusanya mate na maneno pamoja, kisha humpulizia mwana kifuani na kwenye viganja, manyunyu tu, huku akimtaja jina na kumwombea njia nyeupe. Mate hutoka ndani kabisa ya mtu, na mwenye kinyongo kinywa chake hukauka. Susu alisema, "Maneno matupu hata kasuku anayo." Alimtemea mjomba kila alipoondoka, naye alifungua vifungo vya shati na kusimama kama mtoto anayeogeshwa. Mimi nilijificha nyuma ya ghala ili nisije nikabarikiwa.

Kisha yakaja yale mashindano makubwa ya ng'ambo. Meneja wa timu alitaka magazeti yapate picha za mrushaji nyumbani kwao, kwa hiyo alikuja yeye mwenyewe na gari jeupe na mpiga picha. Alikuwa mtu wa manukato mengi, mwenye kitambaa cha kufutia jasho alichokikunja kila mara katika pembe nne sawasawa. Mchungaji wa kanisa letu alikuwepo pia, amealikwa kuombea safari, na aliomba mpaka chai ikapoa. Mjomba alivaa koti la timu, la kijani kibichi, lenye nembo kifuani. Tulipanga mstari kwenye uwanja wa ndengu, ambao nilikuwa nimeusiriba upya siku iliyotangulia na ulikuwa haujakauka vizuri, na nikamwona meneja akinusa huku na huku akitafuta kinachonuka.

Susu akasuuza kinywa. Akaja mbele ya mwanawe.

Meneja alipoelewa kinachotaka kufanyika alirudi nyuma hatua, akacheka. "Mama, sorry, lakini huyu ni mchezaji wa taifa. Akishika homa kwa ndege tutafanyaje?"

Mchungaji akadakia kwamba hayo mambo ya mate ni ya giza, sisi tumekwisha kutoka huko. Mpiga picha akanyanyua kamera yake akingoja. Mjomba alimtazama meneja, akamtazama mama yake, akashika kola ya lile koti.

"Mwaitu, wacha tu leo," alisema polepole. Mwaitu ni kusema mama yangu. "Hii koti si yangu."

Mimi mwenyewe ningedhani ningefurahi kupata hatimaye watu wazima wanaochukia mate kama ninavyoyachukia. Sikufurahi. Kinyaa changu mimi kilikuwa cha tumbo, kinakuja na kuondoka kama kwikwi. Kinyaa cha yule meneja kilikuwa cha mtu, na aliyeelekezewa alikuwa susu wangu, aliyesimama pale mdomo umefungwa, mashavu yamejaa kidogo, hana pa kupeleka alichokuwa nacho. Gari likawashwa. Watoto wote tukalikimbilia mpaka barabarani tukishangilia, nami nikakimbia pia, kwa sababu mtoto akiona gari linaondoka miguu haimwombi ruhusa.

Mechi tulizitazama kwa mwenye duka, aliyekuwa na televisheni ya betri ya gari. Mechi ya kwanza mjomba aliviangusha mara kwa mara vile vijiti vitatu vinavyosimamishwa nyuma ya mpigaji, na kijiji kilipiga kelele iliyowafanya kanga wa porini wahame. Halafu wakamwonyesha kwa karibu, uso wake umejaa televisheni nzima, akilamba vidole na kupaka mpira mate. Wenzake wakapokezana mpira ule, kila mmoja akaulamba kivyake, na meneja anaonekana nyuma akipiga makofi. Susu alikuwa ameketi mbele kwenye debe lililopinduliwa.

"Kumbe ubaya si mate," alisema. "Ubaya ni mdomo yanakotoka."

Mwenye duka alijifanya anakaza waya wa betri.

Mechi ya pili mjomba alikuwa mzito. Ya tatu, katikati ya mbio zake, kabla hata mkono haujapanda, alisimama ghafla, akashika kiuno, akaanguka kifudifudi. Walimbeba kwenye machela. Aliporudi nyumbani alikuwa amefungwa mshipi mgumu kuanzia mbavu hadi kiunoni, na alikaa kitako kwa kujishusha kidogo kidogo akishika ukuta. Mfupa wa mgongo ulikuwa na ufa. Timu ikapata vijana wengine, na lile koti la kijani likarudishwa, maana kweli halikuwa lake.

Hapo ndipo uchafu wenyewe ulipoanza, na huu hausafishwi kwa majivu. Kijiji kizima kikajua sababu: amekataa mate ya mama, mgongo umevunjika. Kisimani wakasema hivyo, sokoni wakasema hivyo. Mchungaji, yule yule aliyeyaita mate giza, alipanda mimbarini akahubiri juu ya kuwaheshimu baba na mama, huku akimkodolea macho mjomba aliyekaa benchi la nyuma na mshipi wake. Nilikuwa mtoto lakini nilitaka kutapika juu ya kitabu cha nyimbo. Meneja naye alipoulizwa na waandishi wa habari kwa nini mrushaji wake bora ameumia, alitabasamu akasema kuna mambo ya kimila huko kwao ambayo hawezi kuyaingilia. Susu akageuka kuwa mama aliyemlaani mwanawe. Majirani wengine wakaacha kumletea watoto wao awatemee, kwa hofu, na hao hao walikuja jioni kwa mlango wa nyuma wakimwomba awatemee ng'ombe.

Susu hakumjibu yeyote. Alipura ndengu zake.

Mjomba aliamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliamini kwamba ule ufa ni wa mama yake, na kwamba maadamu hajatemewa tena, kila atakachokigusa kitavunjika. Na hakuthubutu kuomba, kwa sababu ukiomba baraka ukanyimwa, laana imethibitika. Akaenda zake Mtito Andei, akapata kazi ya kutunza stoo ya matairi, akaoa, akaachwa, na kila kilichoharibika alikijumlisha kwenye ule ufa. Alimtumia susu sukari na majani ya chai kwa watu wa basi. Kwenye matanga alikaa mbali, upande wa wageni, na susu alikaa upande wa wenyeji, wote wawili wakitazama jeneza moja. Mimi nilikua, nikaenda chuo, nikawa mwalimu Kitui mjini, na kila nilipopita Mtito aliniuliza swali lile lile huku akitazama pembeni: "Na mwaitu, kinywa chake bado kiko sawa?" Nilijua anachouliza. Aliogopa mama yake asife na yale mate.

Susu alipoanza kuugua ugonjwa wa uzee, ule ambao daktari anaagiza tu mgonjwa alishwe anachopenda, nilimfuata mjomba stooni. Nilimwambia akikataa kuja safari hii nitamburuta kwa kamba ya tairi. Hakubisha. Alinawa, akavaa shati safi, tukaondoka.

Tulifika mchana. Dada za mama yangu walikuwa wamejaa chumbani, na mchungaji, mzee sasa, ameketi karibu na kitanda na kichupa chake cha mafuta ya upako yenye harufu ya sabuni ya bafuni. Mjomba alitaka kupiga magoti, mgongo ukamkatalia, akabaki ameinama nusu, mkono mmoja kwenye nguzo ya kitanda. Kwa mkono wa pili alianza kufungua vifungo vya shati. Mtu mzima, nywele zimeota mvi.

"Unatafuta nini, mwana wakwa?" susu akauliza. Sauti ilikuwa imebaki ndogo.

"Ile mate, mwaitu. Ile nilikataa."

Susu alimtazama, na nikaogopa kwamba hamtambui. Kisha akaonekana kushangaa, mshangao wa kweli wa mtu aliyeulizwa kitu anachodhani kila mmoja anakijua.

"Si nilikutemea," alisema. "Gari ikishatoka nilienda pale ulikuwa umesimama. Nyayo zako zilikuwa hapo kwa uwanja. Nikatema kwa nyayo. Ile mate ilikuwa yako, ningepeleka wapi?"

Dada mmoja wa mama akaweka kikombe chini. Mchungaji alifunga kichupa chake.

"Kwa nini hukuniambia?" mjomba akauliza. Alikuwa analia bila sauti.

"Hukuniuliza."

"Na hawa wote wakisema umenilaani?"

"Hao hawakuuliza pia. Hao walikuwa wanajua." Akapumzika, akavuta pumzi. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuliuliza. "Sasa huo mgongo wako ulivunjwa na nani?"

Mjomba alisimama pale shati wazi. Kisha yakatoka, vipande vipande. Baada ya mechi ya kwanza maumivu yalianza, wakampeleka kupigwa picha ya mgongo, na ufa ukaonekana, mdogo, mwembamba kama unywele. Daktari wa kule aliwaambia apumzike na atapona. Meneja akasema apigwe sindano ya kuua maumivu, arushe, mashindano hayamsubiri mtu. Wakamdunga kabla ya mechi ya pili, wakamdunga kabla ya ya tatu. Alikuwa hahisi kitu kuanzia kiunoni. Alijua kuna kinachovunjika na hakuwakatalia.

"Nilijua ni wewe, mwaitu," alisema. "Nilisema, hata nikikataa sindano, mgongo itavunjika tu. Nimejiletea."

Susu alifumba macho. Dada za mama walianza kulia, wale wale waliobeba ile hadithi kutoka kisimani hadi sokoni. Mchungaji alisema tuinamishe vichwa tuombe, na nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa katika nyumba ile, kwamba akifungua mdomo wake nitautia huo upako wake wote ndani.

Mjomba akainama tena. "Basi nitemee sasa."

"Ya pili ya nini?" susu akasema. "Ile haijaisha."

Alivifunga vifungo vyake kimoja kimoja, akatoka nje, na nikamsikia akitapika kando ya uwanja wa ndengu. Alitapika muda mrefu. Nilimpelekea maji, nikamshika paji la uso, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu matapishi ya mtu hayakunichefua. Yule meneja ndiye aliyenichefua. Ananichefua mpaka leo, maana bado yumo katika mchezo ule ule, namwona kwenye televisheni akiongea juu ya kulea vipaji vya vijana, kitambaa kimekunjwa pembe nne mkononi. Alijipatia kisingizio cha bure kilichotoka kijijini kwetu, tukampa wenyewe kwa midomo yetu, na chini ya kisingizio hicho amelala usingizi mzuri.

Susu aliishi mpaka ndengu zikakomaa. Mjomba alikuja kila Jumapili, akamlisha uji ule ule uliochacha, akamfuta kidevu kwa kiganja chake kitupu. Alipokufa, meneja alituma shada la maua ya plastiki, na nililibeba kwa karatasi mpaka shimo la takataka.

Siku hizi kwetu ndengu zinapurwa kwa mashine juu ya turubai la bluu. Uwanja umeota magugu, na hakuna mtoto anayelazimishwa kukanda mavi, jambo ambalo ningelisherehekea zamani kwa ngoma. Ukuta wa picha ulibomolewa nyumba ya mawe ilipojengwa. Uji unanunuliwa unga wake dukani, hauna utando, hauna hata ladha. Kila kitu ni safi. Harusini na kwenye safari baraka hutolewa kwa kipaza sauti, na anayebariki hukusogelea na harufu ya peremende mdomoni.

Mwezi wa kwanza mwaka huu binti yangu alikuwa anaenda shule ya bweni, mara yake ya kwanza kulala mbali nami. Jamaa wote walikusanyika nyumbani Kasikeu kumuaga, sanduku liko kwenye gari, na alikuwa amesimama katikati ya uwanja na sare yake mpya, anaogopa na hataki ionekane. Nikatafuta wa kumtemea. Niliwatazama dada za mama mmoja mmoja, nikamtazama mchungaji mpya, nikawatazama majirani. Nilijitazama hata mimi, na kinywa changu kilikuwa kimekauka kwa hasira. Mjomba alikuwa stooni Mtito, hakupewa ruhusa siku hiyo. Mkubwa wao alimkumbatia binti yangu, kisha akatoa dawa ya kuua viini kwenye mkoba, akamnyunyizia mikononi.

Gari likaondoka. Binti yangu akaenda mkavu.